Kujisoma Ubaoni: Tathmini ya Ubora na Udhaifu wa Mchezaji wa Sataranji Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa nyani haoni kundule. Methali hii humfaa mchezaji wa sataranji kuliko wachezaji wa michezo mingine mingi. Sataranji haina refa wa kulaumiwa, haina mvua wala uwanja mbovu, na haina karata zinazogawanywa kwa bahati. Anayeshindwa ameshindwa kwa hatua alizozichagua mwenyewe. Hata hivyo, ni wachache wanaothubutu kuzirudia hatua hizo baada ya kushindwa. Wengi hubonyeza kitufe cha kuanzisha mchezo mwingine, wakitumaini kwamba ushindi ujao utafuta aibu iliyopita.

Tovuti kubwa za sataranji, zikiwemo Chess.com iliyofunguliwa mwaka 2007 na Lichess iliyoanzishwa mwaka 2010, zimemwezesha mwanafunzi mwenye simu kucheza dhidi ya mtu aliye Chennai au São Paulo wakati wowote. Mwaka 2020, janga la Korona lilipowafungia watu majumbani na tamthilia ya The Queen's Gambit ilipoanza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba, wachezaji wa mtandaoni waliongezeka sana. Neema hiyo imekuja na mtego wake. Kucheza mara nyingi kumedhaniwa kuwa ni kujifunza, ilhali mchezaji anaweza kucheza michezo elfu moja, akapoteza usiku mwingi uliofaa kutengewa masomo au usingizi, na bado akabaki palepale alipoanzia.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi mchezaji wa aina hiyo anavyoweza kutathminiwa na kusaidiwa. Hoja kuu ni kwamba udhaifu mkubwa zaidi wa mchezaji mara nyingi si ule anaoudhania, na kwamba udhaifu huo haufichuki mpaka michezo aliyoshindwa isomwe mmoja baada ya mwingine, makosa yapewe majina, kisha yahesabiwe.

2.0 Istilahi za Tathmini

Kabla ya kutathmini, pana haja ya lugha ya kutathminia. Neno sataranji liliingia katika Kiswahili kutoka neno la Kiarabu shatranj, ambalo nalo lilipitia Kiajemi, na asili yake ni neno la Kisanskriti chaturanga, lenye maana ya viungo vinne. Viungo hivyo ni vikosi vinne vya jeshi la India ya kale: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Wapo pia wanaouita mchezo huu chesi.

Katika makala haya, kete za mchezo zinaitwa mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Hatua ni zamu moja ya kusogeza kete. Mraba hutajwa kwa herufi na tarakimu, kwa mfano e4 au f7. Kete moja inapotishia kete mbili za mpinzani kwa wakati mmoja, hali hiyo inaitwa shambulio pacha. Nayo programu ya kompyuta inayopima ubora wa kila hatua inaitwa injini. Istilahi hizi si pambo tu. Mchezaji anayesema "nilicheza vibaya" hajasema lolote. Anayesema "nilimwacha askofu bila ulinzi nikiwa na dakika sita mkononi" ameanza kupona.

3.0 Alama na Mipaka Yake

Jambo la kwanza ambalo mchezaji wa mtandaoni hulitaja anapoulizwa kiwango chake ni alama. Mfumo wa alama unaojulikana zaidi ulibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia nchini Marekani, na ulikubaliwa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, mwaka 1970. Kwa mujibu wa mfumo huo, mchezaji anayemzidi mpinzani kwa alama 200 hutarajiwa kupata takriban pointi 76 katika kila michezo 100, na anayemzidi kwa alama 400 hutarajiwa kupata takriban pointi 91. Chess.com na Lichess hutumia mifumo ya jamii ya Glicko, iliyobuniwa na mwanatakwimu Mark Glickman. Mifumo hii huzingatia pia kadiri alama zenyewe zinavyoweza kuaminika; ndiyo maana alama za mchezaji mgeni, au za aliyekaa muda mrefu bila kucheza, hupanda na kushuka kwa kasi.

Mtathmini anapaswa kuchukua tahadhari tatu. Kwanza, alama humlinganisha mchezaji na kundi analocheza nalo tu. Alama 1500 za Lichess, ambazo ndizo anazopewa mchezaji anapoanza, si sawa na alama 1500 za FIDE. Pili, kila kasi ya mchezo ina alama zake. Anayetamba katika michezo ya dakika 3 huenda akayumba katika michezo ya dakika 15, na kinyume chake. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, alama hueleza kiwango bila kueleza sababu. Alama ni kama insha iliyorudishwa ikiwa na 11 kwa 20 bila neno lolote la mwalimu pembeni. Mwanafunzi hujua kwamba hakufaulu vyema, lakini hajui kama tatizo ni sarufi, hoja au mwandiko. Wachezaji wawili wenye alama 1200 wanaweza kuwa wagonjwa wa maradhi mawili tofauti kabisa, na dawa ya mmoja isimfae mwingine.

4.0 Nguzo za Tathmini

Mchezaji anaweza kupimwa kwa nguzo sita. Katika kila nguzo inafaa kutafuta ubora pamoja na udhaifu, kwani asiyejua nguvu zake hushindwa kuchagua mapambano yanayomfaa.

(a) Uangalifu. Hii ni tabia ya kuuliza, kabla ya kila hatua, mpinzani anaweza kufanya nini. Si wanagenzi peke yao wanaoikosa. Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alicheza dhidi ya programu ya Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa na nafasi nzuri, alisogeza malkia wake na kuruhusu mfalme wake afungwe kwa hatua moja tu: malkia wa programu alitua h7, akilindwa na farasi aliyekuwa f8. Bingwa hakukosa elimu. Siku hiyo jicho lake halikuiona picha isiyo ya kawaida.

(b) Utambuzi wa ruwaza. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, aliwachunguza wachezaji wa viwango mbalimbali na kuchapisha matokeo yake mwaka 1946. Aligundua kwamba wachezaji wakuu hawakuhesabu hatua nyingi zaidi kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti ilikuwa kwamba waliiona hatua nzuri mapema. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde chache na kuwataka waupange upya. Mchezaji bora alikumbuka mpangilio uliotoka katika mchezo halisi kwa urahisi mkubwa, lakini kete zilipotawanywa ovyo, faida yake ilikaribia kutoweka. Ustadi, basi, ni hazina ya ruwaza zilizokwisha kuonwa na kueleweka.

(c) Ufunguzi. Hapa huulizwa kama mchezaji anaelewa sababu za hatua zake za mwanzo au amezikariri kama kasuku.

(d) Mwisho wa mchezo. Kete zikibaki chache, maarifa mahususi huhitajika. Mathalani, mfalme akimtangulia askari wake hadi safu ya sita, ushindi huwa umehakikishwa dhidi ya mfalme mtupu, isipokuwa askari huyo awe wa ukingoni mwa ubao. Asiyejua kanuni hii hupata sare mahali alipostahili ushindi.

(e) Muda. Tovuti huhifadhi muda uliotumika kwa kila hatua. Hii ni nyaraka ambayo wachezaji wa zamani hawakuipata kwa urahisi, nayo haidanganyi.

(f) Hisia. Mtandaoni mchezo mwingine uko umbali wa kidole kimoja. Mchezaji aliyeumia hufukuza hasara kama mcheza kamari, na kila mchezo anaouanza kwa hasira huwa dhaifu kuliko uliotangulia.

5.0 Mfano wa Tathmini: Mwanagenzi

Ili kubainisha jinsi nguzo hizi zinavyotumika, tathmini ya mchezaji wa kubuni, anayeitwa hapa Mwanagenzi, inatolewa. Mwanagenzi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hucheza michezo ya dakika 10 kwa kila upande, hasa usiku, na alama zake zimekwama karibu na 1200 kwa mwaka mzima. Yeye mwenyewe ameshajipa hukumu: anaamini kuwa hajui funguzi za kutosha, hivyo ameanza kukariri matawi ya Ufunguzi wa Sisilia kutoka kwenye video.

Michezo 20 ya mwisho aliyoshindwa inasomwa, na katika kila mmoja huulizwa swali moja: nafasi iliharibika wapi kwa mara ya kwanza bila kurekebishika? Matokeo yanagawika hivi:

Kete iliyoachwa bila ulinzi au kupotea kwa shambulio pacha: michezo 9.
Muda kuisha: michezo 4.
Mwisho wa mchezo kuharibiwa: michezo 4.
Ufunguzi: michezo 2.
Kuzidiwa waziwazi na mpinzani bora: mchezo 1.

Hesabu hii inaipindua hukumu ya Mwanagenzi. Ufunguzi alioulaumu ulimgharimu michezo 2 kati ya 20. Hata angeikariri Sisilia yote, angebaki na sababu 18 nyingine za kushindwa.

Uchunguzi ukiendelea ndani ya makundi haya, mambo mengine hujitokeza. Katika michezo 9 ya kundi la kwanza, hatua 6 zilizoangamiza zilichezwa chini ya sekunde 3, ilhali saa ilionyesha zaidi ya dakika 5. Kwa upande mwingine, katika michezo 4 aliyoishiwa na muda, zaidi ya nusu ya muda wote ilitumika kabla ya hatua ya 15, akijitahidi kukumbuka alichokariri. Kwa hiyo hakosi muda. Huutumia pasipohitajika na kuunyima panapohitajika. Aidha, michezo 6 kati ya hiyo 9 ilianzishwa mara tu baada ya kushindwa mchezo mwingine.

Ubora wake nao huonekana anaposhinda. Katika michezo 20 ya mwisho aliyoshinda, 8 iliamuliwa na shambulio pacha la farasi wake. Hiki ni kipaji cha kweli. Jambo la kusikitisha ni kwamba miongoni mwa zile kete 9 alizopoteza, 4 zilichukuliwa na farasi wa mpinzani kwa mbinu ileile. Mwanagenzi anaijua ruwaza, ila huitafuta upande wake tu. Hapa ubora na udhaifu vimekaa katika chungu kimoja. Hahitaji elimu mpya bali anahitaji kuugeuza ubao akilini na kumwazia mpinzani kile anachojiwazia mwenyewe.

6.0 Injini: Hukumu Bila Hoja

Swali linaweza kuzuka: kuna haja gani ya kazi yote hii ikiwa injini kama Stockfish inaweza kuuchanganua mchezo kwa sekunde chache? Mmoja wa michezo miwili ambayo Mwanagenzi aliipoteza katika ufunguzi unajibu swali hilo. Mweupe alianza na askari e4, Mweusi, ambaye ni Mwanagenzi, akajibu e5. Farasi wakatoka, wa Mweupe f3 na wa Mweusi c6. Askofu wa Mweupe akaja c4, na farasi wa pili wa Mweusi akatua f6. Katika hatua ya nne, farasi wa Mweupe aliruka hadi g5 na kuulenga mraba wa f7, ambao hulindwa na mfalme peke yake. Mwanagenzi aliziba njia ya askofu kwa askari wa d5, Mweupe akamla askari huyo kwa askari wake wa e4, na Mwanagenzi, kwa sekunde 2, akamla kwa farasi wa f6.

Kilichofuata kilijulikana Italia tangu siku za Giulio Cesare Polerio, yapata mwaka 1600. Farasi wa Mweupe alijitoa mhanga f7, akiwatishia malkia na ngome kwa pamoja. Mfalme alipomla, malkia wa Mweupe alitokea f3, akamtishia mfalme huku akimlenga farasi wa d5. Ili kumwokoa farasi huyo, mfalme alilazimika kutoka hadi e6, katikati ya ubao, kama mtu aliyetoka nje usiku bila taa.

Mwanagenzi aliamini kuwa alishindwa kwa sababu baadaye mfalme wake alikimbilia upande usiofaa. Injini ilimweleza kuwa kosa lilikuwa katika hatua ya tano, na kwamba farasi wa c6 alistahili kwenda a5. Ilimpa hatua bila kumpa sababu. Sababu ni kwamba askofu wa c4 ndiye mhimili wa shambulio zima. Farasi akienda a5 humlazimisha askofu aamue la kufanya, na Mweusi hupata nafasi ya kuendeleza kete zake kama fidia ya askari aliyempoteza. Anayelikariri jibu la injini atalisahau wiki ijayo. Anayeielewa sababu yake ataitambua hali kama hiyo hata kete zikipangika kwa namna nyingine.

Utaratibu unaofaa, basi, ni mchezaji kuuchanganua mchezo kwa akili yake kwanza, aandike pale anapodhani alikosea, ndipo aifungue injini. Pengo kati ya dhana yake na hukumu ya injini ndilo somo lenyewe. Nako kuitumia injini wakati mchezo ukiendelea ni udanganyifu unaowadhulumu wapinzani. Mbali na hilo, humwibia mdanganyifu mwenyewe kioo chake, kwani michezo hiyo haiwezi tena kumweleza yeye ni mchezaji wa aina gani.

7.0 Njia za Kujiboresha

Historia inatoa ushahidi kwamba tathmini ya dhati huzaa matunda. Mwaka 1960, Mikhail Botvinnik alipoteza ubingwa wa dunia kwa kijana Mikhail Tal kwa pointi 8½ dhidi ya 12½. Botvinnik, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 50, hakutafuta visingizio. Aliichunguza michezo ile, akatambua kuwa Tal hutisha katika vurugu za mashambulio, na kwamba nguvu zake hupungua kete zikibadilishanwa na mchezo ukipoa. Mwaka 1961 alimrudia na kumshinda kwa pointi 13 dhidi ya 8. Ni kweli kwamba Tal hakuwa na afya njema wakati huo. Hata hivyo, maandalizi ya Botvinnik yalionekana katika aina ya nafasi alizozichagua. Botvinnik pia aliwahimiza wachezaji kuchapisha uchanganuzi wa michezo yao ili wengine wayaone makosa ambayo mwenyewe haoni.

Kwa mchezaji aliye katika hali ya Mwanagenzi, mapendekezo yafuatayo yanatolewa kwa kufuata uzito wa matokeo yake.

Kwanza, kabla ya kila hatua ajiulize maswali mawili: mpinzani ametishia nini, na baada ya hatua hii ni kete gani itakayobaki bila ulinzi? Maswali haya huchukua sekunde chache, nayo yangeokoa sehemu kubwa ya ile michezo 9.

Pili, apunguze idadi ya michezo na kuongeza muda wake. Michezo miwili kwa siku, ya dakika 15 pamoja na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, itamfaa kuliko michezo kumi ya haraka.

Tatu, ajiwekee sheria ya kuacha kucheza baada ya kushindwa mara mbili mfululizo. Sheria hiyo iwekwe mchana akili ikiwa imetulia, kwa kuwa usiku hasira haitungi sheria.

Nne, atatue mafumbo kumi ya shambulio pacha kila siku, na nusu ya mafumbo hayo ayatazame kwa jicho la anayeshambuliwa.

Tano, ajifunze kwanza mwisho wa mchezo wenye wafalme na askari mmoja, kisha wenye ngome, kabla ya kurudi katika Sisilia.

Sita, awe na daftari na mwenzake wa kulisomea. Daftari liandikwe tarehe, jina la kosa, muda uliotumika na sababu. Baada ya mwezi mmoja, michezo mingine 20 aliyoshindwa ihesabiwe upya. Kipimo cha maendeleo kisiwe alama, bali kile kikundi cha makosa 9. Kikipungua, alama zitafuata kwa wakati wake. Kisipopungua, ni dalili kwamba tiba imekosewa na tathmini irudiwe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa alama za mchezaji wa mtandaoni huficha mengi kuliko zinavyofichua, na kwamba kumbukumbu za michezo yake ndizo ushahidi wa kutegemewa. Imebainika pia kuwa ubora na udhaifu vyaweza kuwa na mzizi mmoja, na kwamba injini ni msaidizi mwema kwa anayefikiri kwanza na mlemavishaji kwa asiyefikiri. Mwanagenzi alikuwa karibu kupoteza muhula mzima akitibu ugonjwa asiokuwa nao. Kilichomwokoa ni kuketi na michezo 20 iliyomwaibisha, kalamu mkononi, na kuisoma bila kujitetea. Kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na mtu hawezi kuacha kulirudia kosa ambalo hajalitazama usoni na kulitaja kwa jina lake.